Malezi yanayokua pamoja na mtoto

Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, mtoto aliye chini ya umri wa miaka 10 hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai, na yule ambaye hajafikisha miaka 12 hawezi kutiwa hatiani mpaka ithibitishwe kwamba alipokuwa anatenda alikuwa na uwezo wa kutambua kuwa hakupaswa kutenda jambo hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo, katika kifungu cha 13, inasema kwamba adhabu haihalaliki ikiwa mtoto, kwa sababu ya umri wake mdogo au sababu nyingine, hawezi kuelewa kusudi la adhabu hiyo. Mimi si mwanasheria. Ni mama ninayelea watoto watatu hapa Mbeya, mzaliwa wa Iringa niliyeolewa Unyakyusa, lakini kila ninaposikia kwenye kikao cha wazazi kwamba watoto wa siku hizi hawana maadili, huwa najiuliza kama nyumbani tunawapa watoto wetu hata ile nafasi ndogo ambayo mahakama inawapa. Wa miaka 4 na wa miaka 14 wanachapwa kwa fimbo ileile, wanasemeshwa kwa maneno yaleyale, na wote wawili wanatarajiwa kuelewa.

Dhamiri ya mtoto hukua kwa hatua, na mzazi anayetaka kuiongoza hana budi kuibadilisha kazi yake kadiri mtoto anavyokua. Mzazi anayebaki na kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kuamrisha na kuadhibu, hupata kijana anayemwogopa mzazi, si kijana anayeuchukia ubaya. Na kijana wa namna hiyo akifika mahali ambapo mzazi hayupo, hana tena wa kumwogopa.

Nianze na wadogo kabisa, ambao kwa kawaida tunadhani hawajui lolote. Mwaka 2006 watafiti wawili, Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya kazi Leipzig nchini Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio yao na watoto wa miezi 18. Mtu mzima aliangusha kitu kana kwamba kimemponyoka, akanyoosha mkono asikifikie, na wengi wa watoto wale walikiokota na kumpa bila kuombwa na bila kuahidiwa chochote. Mwaka 2008 watafiti haohao wakaonyesha jambo lingine linalotugusa sisi wazazi: watoto wa miezi 20 waliozoeshwa kupewa zawadi kila waliposaidia, walisaidia kwa uchache zaidi zawadi zilipokoma kuliko wenzao ambao hawakuwa wamepewa kitu tangu mwanzo.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama mkwe wangu kule Tukuyu, ambaye wakati wa kupukuchua mahindi humwacha mjukuu mdogo abebe magunzi moja moja kutoka barazani hadi jikoni, ingawa njiani mtoto anaangusha, anakaa chini, anaanza kuzungumza na kuku, na kazi inachukua muda mara mbili. Hampi pipi, wala hamfukuzi kwa kumwambia anachelewesha watu. Anamwambia, "Asante, mwanangu, umenisaidia," basi. Sidhani kama kuna somo la maadili linalofaa zaidi kwa umri ule. Mtoto anakuja duniani akiwa tayari na hamu ya kufaa, na sisi tunaiua hamu hiyo kwa njia mbili: kwa kumwona kero, au kwa kuigeuza kuwa kibarua.

Matatizo huanza anapojua kutumwa dukani.

Mtoto wangu wa kati, alipokuwa darasa la kwanza, alitumwa chumvi kwa Mangi mwenye duka akarudi na chumvi lakini bila chenji, akaeleza kwa utulivu mkubwa kwamba Mangi hakuwa na chenji na amesema tuifuate kesho. Alisema hayo huku ulimi na midomo yake imekuwa myekundu kwa ubuyu. Mzazi anapofika hapo hukabiliwa na kishawishi cha kuuliza, "Chenji iko wapi? Sema ukweli!" huku anaujua ukweli wote. Mimi naliona swali hilo kuwa mtego, kwa sababu mtoto wa miaka 7 aliyekwisha kuogopa atajibu kwa uongo wa pili, na kuanzia hapo ugomvi hautakuwa tena wa shilingi mia tatu bali wa uongo uliouzaa wewe mwenyewe. Nilimwambia, "Naona umenunua ubuyu. Ile mia tatu ilikuwa ya nyanya za mboga ya leo, na sasa dada yako na baba watakula mboga bila nyanya." Alilia kidogo. Kisha akaenda kutoa sarafu zake kwenye kopo alilokuwa akiwekea akiba, akarudi dukani kununua nyanya, na jioni mezani hakuna aliyemkumbusha.

Kuna utafiti unaonipa ujasiri wa kulisema hili mbele ya wazazi wenzangu wanaoamini kwamba bila fimbo mtoto hawezi kuwa mkweli. Mwaka 2011 Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha matokeo kutoka shule mbili za Afrika Magharibi, moja iliyotumia adhabu kali za viboko na nyingine isiyotumia. Watoto wa miaka 3 na 4 waliachwa peke yao na kitu cha kuchezea walichokatazwa kukichungulia, kisha wakaulizwa kama wamechungulia. Wale wa shule ya adhabu kali ndio waliodanganya zaidi, tena walikuwa hodari zaidi wa kuutunza uongo wao walipoendelea kuhojiwa. Fimbo iliwafundisha kitu kweli, ila si kile kilichokusudiwa. Kwa upande mwingine, Martin Hoffman, mwanasaikolojia wa Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kinachoijenga dhamiri ni mzazi kumwelekeza mtoto amtazame yule aliyeumizwa: ona, fulani analia, ona, fulani amekosa, sasa utafanya nini? Kwa lugha ya nyumbani, ni kumfanya aone nyanya zilizokosekana kwenye mboga.

Nina malalamiko yangu hapa, na ni dhidi yetu watu wazima. Mwaka 1932 Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na watoto, ambao alikuwa akiwasimulia visa viwili na kuwauliza nani amekosea zaidi. Katika kisa kimoja mtoto anafungua mlango bila kujua kwamba nyuma yake kuna vikombe, navyo 15 vinavunjika. Katika kingine mtoto anapanda kabatini kwa siri kuchukua jamu na kuvunja kikombe kimoja. Watoto wadogo wengi walisema wa vikombe 15 ndiye mkosefu mkubwa, kwa kuwa hasara ni kubwa. Wakubwa zaidi, kadiri walivyoukaribia umri wa miaka 10, waliangalia nia. Watafiti wa baadaye wamegundua kwamba hata mdogo anaweza kuitambua nia ikiwa kisa kimesimuliwa kwa namna rahisi, lakini jambo la msingi limebaki. Sasa angalia nyumba zetu. Msichana wa miaka 9 aliyeamka mapema kwenye baridi ya mwezi wa saba amsaidie mama yake, akateleza na chupa ya chai ikapasuka, anapigwa na kutukanwa hadi majirani wasikie. Kaka yake aliyechomoa noti kwenye pochi ya baba anaambiwa, huku watu wanacheka, kwamba ana akili za mjini. Mtoto akikaa katika nyumba hiyo miaka kumi, atajifunza kwamba uzito wa kosa ni bei ya kitu kilichoharibika. Aliyebaki na hukumu ya mtoto wa miaka 6 pale ni mzazi.

Kati ya miaka 8 na 12 mtoto hupata uwezo mpya ambao hatuupendi, nao ni uwezo wa kulinganisha tunayosema na tunayotenda. Kwa sisi wa nyanda hizi, mahali pa kwanza ambapo ulinganisho huo hufanyika ni kwenye gunia la viazi.

Asiyeishi huku pengine hajui lumbesa ni nini. Mkulima wa Uporoto, Makete au Njombe anapouza viazi mviringo shambani, mnunuzi humtaka ashindilie gunia hadi lijae, kisha juu yake ashonee kipande cha gunia jingine au wavu ili liongezwe kichwa, na yote hayo yalipwe kwa bei ya gunia moja. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelipiga vita jambo hili kwa miaka mingi, lakini mnunuzi anakuja na gari usiku, mkulima ana ada na deni la mbolea, na viazi havisubiri. Mtoto anayeshika taa wakati baba yake anashona kile kichwa cha gunia anaelewa kila kitu. Anajua kuwa baba ameibiwa, anajua kuwa baba anajua, na anasikia baba akisema, "Ndiyo biashara." Wiki inayofuata anaambatana na mama sokoni kuuza viazi vya rejareja kwa sado, yaani kindoo cha plastiki cha kupimia, na anaona kwamba kitako cha sado kimepashwa moto na kusukumwa ndani, hivyo kinachoonekana kujaa hakijajaa. Anasikia, tena, "Ndiyo biashara."

Mtoto huyo shuleni anasoma maadili. Kwa miaka kadhaa yalifundishwa ndani ya somo la Uraia na Maadili, na katika mtaala mpya yamewekwa pamoja na historia ya nchi. Akiulizwa kwenye mtihani kama ni vyema kumpunja mteja atajibu sawasawa na kupata alama zake, kwa sababu kuujua wema hakujawahi kuwa kugumu. Kinachomkosesha ni kwamba hajawahi kumwona mtu anayempenda akiulipia wema huo gharama.

Shemeji yangu anauza viazi kwenye soko moja la jioni hapa mjini. Sado yake ni nzima, haijabonyezwa, na kwa sababu hiyo bei yake inazidi ya majirani zake. Wateja wengi humpita, hasa wageni; wachache waliomzoea humrudia. Binti yake, ambaye humsaidia baada ya shule, alimuuliza siku moja nikiwepo kwa nini asifanye kama wenzake ili wauze haraka na kurudi nyumbani mapema, na shemeji, ambaye kwa kawaida si mtu wa maneno, akamwonyesha mama mmoja aliyekuwa akiondoka na mfuko wake na kumjibu, "Yule akifika nyumbani atagawa kwenye sahani za watoto. Vikipungua, kuna sahani moja itakosa." Hakumtajia dhambi wala sheria, na siku ile walirudi nyumbani na viazi vingi havijauzwa. Mimi nadhani vile viazi vilivyorudi nyumbani vilimfundisha yule binti kuliko jibu lenyewe, kwa sababu aliona kuwa baba yake amelipa.

Kinachosemwa juu ya viazi kinamhusu pia dada wa kazi. Mikoa yetu, Iringa na Njombe hasa, imetoa mabinti wengi wanaokwenda kufanya kazi katika nyumba za watu mijini, na wengi wetu tunao majumbani. Mtoto haambiwi na mtu kwamba binadamu wana thamani tofauti. Anajionea mwenyewe dada anakula nini, anakula wapi, na anaitwa kwa sauti gani. Mzazi anayemwambia mwanawe aheshimu watu wote huku dada anakula ukoko jikoni anapoteza muda wake.

Kuhusu heshima, nina neno fupi tu. Kwetu Iringa mtoto hufundishwa mapema kusema "kamwene" kwa wakubwa na kuinama, na Unyakyusa nako heshima kwa wazee ni jambo zito. Nami nawalea wanangu hivyohivyo, na ninaona raha kusikia shikamoo ikitamkwa bila kulazimishwa. Lakini heshima inayomaanisha kwamba mkubwa yeyote akisema jambo lolote mtoto lazima anyamaze na kutii, hiyo ni hatari, kwa kuwa wanaowadhuru watoto mara nyingi ni wakubwa wanaojulikana na kuheshimiwa nyumbani. Tangu wanangu wako chekechea nimewaambia kwamba hakuna siri kati ya mtoto na mtu mzima ambayo mama au baba hapaswi kuijua, na kwamba wanaruhusiwa kukataa na kukimbia hata kama aliyewaita ni mjomba. Namba 116 ya simu kwa ajili ya watoto wanaifahamu, na wanajua kuwa kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto. Hawajapungukiwa adabu kwa kuyajua hayo.

Tumezoea kuambiwa kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sina ugomvi na methali yenyewe, ila naona imewafanya wazazi wengi waamini kwamba mtoto akishavuka miaka 12 au 13 kazi imekwisha, ama imefaulu au imeshindikana, na kilichobaki ni kulipa ada. Wazee wa Rungwe, huko Unyakyusa, hawakufikiri hivyo. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na kufanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyokuwa wakiondoka kulala nyumbani kwa baba zao wakiwa na umri wa takribani miaka 10 au 11, wakajenga vibanda vyao pembeni na kuanzisha kijiji cha rika lao. Hawakukatwa na nyumbani. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na walikwenda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Imani iliyokuwa nyuma ya mpango huo ilikuwa kwamba busara na utu mwema hupatikana kwa kukaa na kuzungumza na wenzako, na kwamba mtu anayejitenga hajifunzi. Wasichana hawakuwa na vijiji vyao, na mfumo wenyewe ulikuwa na sababu nyingine za kifamilia ambazo leo hatuzihitaji, kwa hiyo siutamani urudi. Ninachokiona ni kwamba wazee wale walikubali jambo ambalo sisi tunalikataa, nalo ni kwamba mtoto akifika umri ule rika ndilo linalomlea. Na kwa kuwa walilikubali, waliliwekea utaratibu, likawa linaonekana, linakula kwenye vyungu vya akina mama na kulima kwenye mashamba yanayojulikana.

Leo rika limehamia kwenye simu na kwenye geto, yaani chumba cha kupanga. Shule nyingi za sekondari za kata ziko mbali na vijiji, mabweni hayatoshi, na matokeo yake ni kwamba huku kwetu mtoto wa miaka 14 anapangiwa chumba na wenzake karibu na shule, anapewa debe la unga, maharage na kijiko cha chumvi, na kuambiwa asome kwa bidii. Wazazi wengi humwandalia chakula kwa uangalifu mkubwa kuliko wanavyomwandaa kuamua. Na maamuzi ndiyo yatakayomjia kila siku: nani aingie chumbani, nani alale, mwenzetu akiiba tuseme au tunyamaze, bodaboda anayetoa lifti ya bure anataka nini.

Binti yangu mkubwa anaishi hivyo kwa sasa, na mazungumzo yetu ya simu mwisho wa juma yamebadilika sana tangu aondoke. Mwanzo nilikuwa natoa maagizo, naye anaitikia "ndiyo, mama" kwa sauti ya mtu anayefanya jambo lingine. Siku hizi namuuliza ni jambo gani gumu wiki hii, kisha najitahidi nisimjibu upesi. Muhula uliopita aliniambia kwamba katika chumba chao cha wasichana wanne wana kanuni kuwa asiyechangia unga hatakula, na mmoja wao alirudi kutoka nyumbani mikono mitupu kwa sababu mahindi yao yaliharibika. Wawili walisema kanuni ni kanuni, kwani mwezi uliopita mwingine alinyimwa kwa sababu hiyohiyo. Binti yangu alisema hawezi kumeza mtu akimtazama.

Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi juu ya jambo kama hili. Lawrence Kohlberg, aliyeanza kwa kuwahoji wavulana wa miaka 10 hadi 16 wa Chicago katika miaka ya 1950, aliona ukomavu wa maadili ukipanda kutoka kuogopa adhabu hadi kusimamia haki kwa kanuni inayomhusu kila mtu. Mwaka 1982 Carol Gilligan alimpinga kwamba kipimo hicho kilitokana na wavulana na kiliisahau sauti nyingine, ile inayouliza nani anaumia na nani atamtunza. Kwenye kile chumba cha wasichana wanne sauti zote mbili zilikuwepo, bila kuitwa kwa majina, na mimi niliuliza maswali tu: Aliyenyimwa mwezi uliopita anasemaje? Huyu akila bure mwezi mzima, yeye mwenyewe atajisikiaje? Mlipoweka kanuni mlikuwa mnamzuia nani hasa, mvivu au aliyepatwa na njaa?

Siku iliyofuata alipiga tena. Walikuwa wamekaa na kukubaliana kwamba mwenzao atakula, atachota maji zamu zaidi hadi mavuno yajayo, na kwamba yule aliyenyimwa mwezi uliopita ataombwa radhi, jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Nilimwambia wazi kwamba sikubaliani na zamu za maji, kwa sababu kisima kiko mbali na binti yule hakuwa na kosa lolote la kulipia. Akasema watalizungumza. Mpaka nilipowatembelea walikuwa hawajalibadilisha, na yule binti alinieleza mwenyewe, huku anamimina maji kwenye pipa, kwamba zamu zile ndizo zinazomwezesha kukaa mezani bila aibu.